Terazo, Graniti na Maji ya Bafuni: Kuchagua Kaunta ya Sinki Katika Miji ya Mlima Kenya

Mtu anayemalizia nyumba Nyeri, Karatina au Kerugoya akiingia dukani kutafuta kaunta ya sinki la bafuni, swali la kwanza analoulizwa ni rangi. Nyeusi au ya kijivu? Yenye madoadoa au nyeupe tupu? Sampuli zenyewe ni ndogo kama kiganja na zimepigwa msasa zikang'aa, kwa hiyo macho ndiyo yanayoamua. Lakini kaunta ya bafuni haiharibiki usoni. Huharibikia ukingoni, kwenye mshono unaoiunganisha na ukuta, kwenye tundu lililokatwa kuingiza sinki, na upande wa chini usiotazamwa na mtu mpaka siku mlango wa kabati unapokataa kufunga. Ukitaka kuchagua vizuri anza huko chini, ujiulize maji yatapita wapi na nani atakayeziba njia hizo. Ukifuata mpangilio huo, nyumba nyingi za Nyeri zitarudi kwenye terazo, ile kazi ya simenti na kokoto za marumaru ambayo wengi wameiachia korido za shule na hospitali. Graniti itakuwa chaguo jema kwa wachache, tena kwa masharti.

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Mji wa Nyeri uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki karibu mita 1,950. Kuanzia Juni hadi Agosti, majira ambayo Wakikuyu huyaita gathano, ukungu na manyunyu hukaa siku nyingi bila jua la kutosha kukausha hata nguo. Watu wa huku huoga maji ya moto, na dirisha la bafu hufungwa. Mvuke wa shawa ukikutana na jiwe au kigae kilicholala usiku mzima kwenye baridi, hugeuka matone, juu ya kaunta na chini yake pia. Mombasa joto na upepo wa baharini hukausha bafu, na hakuna anayefunga dirisha kujikinga na baridi. Nyeri unyevu ulioingia asubuhi unaweza kuwapo bado jioni. Kwa hiyo ushauri wa jumla unaotolewa kuhusu kaunta, ambao huzungumzia mikwaruzo na joto la sufuria, hauligusi tatizo kubwa la bafu la nyanda za juu, yaani unyevu usioondoka.

Unyevu huo ndio unaoondoa mezani mbao za MDF na chipubodi, hata zikivishwa plastiki ya kuiga marumaru. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Pale ilipofunikwa vizuri huhimili matone. Tatizo ni kwamba fundi lazima aikate tundu la sinki na la bomba, na kila alipopitisha msumeno nyuzi hubaki wazi. Maji yakifika hapo, ubao hufura kama mkate uliotiwa kwenye chai, na ukishafura haurudi ulivyokuwa. Wapo watakaosema kwamba ukingo ukipakwa rangi na kuzibwa kwa silikoni tatizo limekwisha. Lingekwisha kama silikoni ingedumu miaka yote bila kuachia. Haidumu hivyo, na ikiachia, mwenye nyumba hagundui mpaka ubao umeshavimba. Mbao halisi za saipresi, ambazo viwanda vya mbao vya eneo hili vimezikata kwa miaka mingi kutoka mashamba ya misitu ya serikali, zinafaa kwa kabati la chini zikikaushwa na kupakwa vanishi pande zote sita. Kwa uso wa juu unaolowa kila asubuhi, hazifai.

Kuna jambo moja ambalo nyanda za juu zimejaliwa. Maji ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare hupita kwenye miamba ya volkano yenye chokaa kidogo, kwa hiyo ni maji laini. Ule ukoko mweupe unaojijenga kwenye bomba na sinki huko Pwani, ambako visima vingi hutoa maji ya miamba ya matumbawe, si shida ya nyumba inayotumia maji ya mto Chania. Uchafu unaosumbua huku ni mwingine. Ni udongo mwekundu unaoletwa na mikono na buti kutoka kwenye kahawa na majani chai, rangi yake ikitokana na oksidi za chuma, na ukiingia kwenye kitu chenye vinyweleo haufutiki kwa kitambaa. Ni utomvu wa ndizi. Ni rangi nyeusi ya nywele, ambayo tone lake moja likikaa usiku kucha juu ya jiwe jeupe lisilozibwa linabaki hapo. Nyumba zinazotumia kisima chenye chuma kwenye maji yake huongeza doa la rangi ya kutu chini ya bomba linalovuja. Anayetaka kaunta nyeupe kabisa katika nyumba ya mkulima ajue anachokitaka. Rangi ya kijivu yenye chembechembe, au ya kahawia iliyochanganyika, husitiri mengi.

Tuje kwenye graniti, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye mawazo ya wengi. Kwanza, haitoki mlimani hapa. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika, na miamba yake ni ya jamii ya fonoliti, trakiti na ile iliyopewa jina la mlima wenyewe, kenaiti. Mawe ya kuchonga yanayojengea kuta za Nyeri pia ni zao la volkano, mepesi kuchongeka na yenye vinyweleo vingi, na ndiyo maana ni mazuri kwa ukuta na mabaya kwa kaunta. Graniti iliyopo madukani kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka India na China, hufikia Mombasa kwa meli, kisha Nairobi, halafu hupandishwa huku kwa lori. Upanuzi wa barabara ya Kenol–Sagana–Marua huifanya safari kuwa nyepesi, lakini jiwe la unene wa milimita 20 lililolazwa badala ya kusimamishwa linaweza kupasuka hata kwenye lami nzuri.

Sifa zake ni za kweli. Chembe zake za kwatzi na feldispa zina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati kalisaiti inayounda marumaru iko kwenye 3. Asidi za kawaida za nyumbani haziigusi kwa urahisi, na pasi ya nywele inayowaka nyuzi 200 haiichomi. Ila si kila kinachouzwa kwa jina la graniti ni graniti. Hapo mnunuzi ana vipimo viwili asivyohitaji mtaalamu kuvifanya. Adondoshe maji kwenye sampuli asubiri dakika 10 au 15: jiwe likibadilika rangi pale tone lilipokaa, linakunywa maji na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo. Kisha adondoshe ndimu pembeni, aiache kwa muda kama huo, aifute na kuangalia kwa mwanga wa upande. Ikiacha alama iliyofifia mng'ao, jiwe hilo ni marumaru au chokaa ya aina fulani. Muuzaji anayekataa vipimo hivyo kwenye kipande cha sampuli amekwisha kukujibu.

Udhaifu wa graniti uko kwenye umbo linalopewa. Kaunta ya kawaida ya bafuni ina urefu wa sentimita 120 hivi na upana wa 55. Jiwe la milimita 20 kwa ukubwa huo lina uzito wa karibu kilo 35 kabla ya kukatwa tundu. Baada ya tundu la sinki, mbele hubaki ukanda mwembamba wa sentimita 6 au 7, na hapo ndipo jiwe huvunjika, likibebwa au mtu akilikalia. Pembe za tundu zikikatwa kali badala ya kuviringwa, ufa huanzia kwenye pembe. Kaunta iliyovunjika hapo huungwa kwa gundi ya epoksi, na kiungo kikionekana mara moja huonekana daima. Ndiyo sababu nasema graniti ina masharti: inafaa ikiwa chini yake kuna slabu au fremu ya chuma inayoubeba ukanda ule wa mbele, na ikiwa fundi ana mashine ya kukatia kwa maji. Inafaa zaidi kwa yule aliyekwisha kununua graniti ya jikoni. Kaunta ya bafuni haifiki mita moja ya mraba, na vipande vinavyobaki baada ya kazi ya jikoni mara nyingi vinatosha. Kununua jiwe zima jipya kwa ajili ya sinki la kunawia, wakati karakana za mawe zina masalio yanayongoja mnunuzi, ni kutupa fedha.

Marumaru halisi haihitaji maneno mengi. Dawa za kusafishia choo zina asidi, na choo na sinki katika nyumba zetu huwa chumba kimoja. Mrusho mmoja wa dawa hiyo huacha kovu.

Kwatzi ya kiwandani inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wauzaji wanaisifu kuwa haina vinyweleo na haihitaji kuzibwa. Hilo ni kweli. Ni mawe yaliyosagwa na kuunganishwa kwa utomvu wa plastiki, na utomvu huo ndio unaoziba kila kitundu. Lakini utomvu huo huo haupendi joto, na pasi ya nywele iliyosahaulika juu yake inaweza kuacha doa la manjano lisilotoka. Jambo zito zaidi liko kwa anayeikata. Aina nyingi za kwatzi hii zimekuwa na silika zaidi ya asilimia 90, na vumbi lake likivutwa kwenye mapafu huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, uliowapata vijana wakataji wa kaunta Israeli, Uhispania, Marekani na Australia baada ya miaka michache tu ya kazi. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ikawa nchi ya kwanza kupiga marufuku kuitengeneza, kuiuza na kuifunga. Kwetu, fundi hukata kwa grenda, bila maji, nyuma ya nyumba, kitambaa kikiwa kimefungwa puani kama hata hicho kipo. Mtu anaweza kujibu kwamba graniti nayo ina silika, na ni kweli, ingawa kwa kawaida ni chini sana ya kiwango hicho. Terazo pia hutoa vumbi ikisagwa kavu, japo usagaji wake kwa desturi hufanywa kwa maji. Tofauti ya viwango ni kubwa kiasi cha kutosha kuamua. Sioni urembo wa bafu unaostahili pafu la kijana wa mtaani, na yeyote anayechagua jiwe lolote kati ya haya anapaswa kulipia ukataji wa maji na barakoa ya kuzuia vumbi kama sehemu ya gharama ya kaunta.

Sasa tutazame kinachofanyika katika nyumba nyingi zaidi kuliko zote hizi. Fundi huunda boksi la mbao, huweka nondo, humwaga zege, kisha juu yake hubandika vigae vya sakafuni vilivyobaki. Wengi huiona kazi hii kuwa ya kimaskini, na hapo wanakosea. Ile slabu ya chini ndiyo kaunta imara kuliko zote zinazotajwa katika makala haya. Haivimbi, haivunjiki ukanda wa mbele, na imeshikwa na ukuta wa mawe. Kilicho dhaifu ni vigae vyenyewe. Kila mstari wa grauti ni mlango wa maji na chumba cha kuhifadhia udongo mwekundu, na ukingo wa mbele hufunikwa kwa utepe wa plastiki unaobanduka. Kwa hiyo swali la maana ni hili: ikiwa slabu tayari ipo, kwa nini kuifunika kwa kitu chenye mishono kumi na miwili badala ya kitu kisicho na mshono hata mmoja?

Jibu la swali hilo ndilo terazo. Simenti nyeupe au ya kijivu huchanganywa na kokoto ndogo za marumaru, ambazo Kajiado imekuwa ikizitoa kwa miaka mingi, hutandazwa juu ya slabu kwa unene wa sentimita moja na nusu hivi, huachwa zikashika, kisha husagwa kwa jiwe la msasa na maji, kutoka msasa mkali hadi laini, mpaka kokoto zijitokeze. Vitundu vidogo hujazwa kwa simenti ya rangi ile ile na kusagwa tena. Mwisho hupakwa dawa ya kuziba na nta. Ushahidi wa uimara wake hauhitaji maabara. Masinki ya kufulia ya terazo katika nyumba za kupanga za zamani nchini yamepigwa na ndoo, yakamwagiwa sabuni ya unga na maji ya moto, wapangaji wakapokezana, na bado yanatumika. Sinki la kunawia uso, linaloguswa kwa mswaki na taulo, haliwezi kuwa na maisha magumu kuliko hayo.

Faida kubwa ya terazo ni kwamba humwagwa ikafuata umbo ulilotaka. Ukuta wa nyuma unaweza kupandishwa sentimita 10 kwa kipande kimoja na kaunta, pembe ikiviringwa, na hapo mshono unaosumbua kuliko yote unahamia juu, mbali na maji yanayotuama. Uso unaweza kuinamishwa kidogo kuelekea sinki. Na chini ya ukingo wa mbele fundi anaweza kuacha mfereji mwembamba, wa upana wa kidole, unaolazimisha tone lianguke badala ya kutambaa kurudi kwenye kabati. Mafundi wetu wanaujua mfereji huo. Wanauweka chini ya vizingiti vya madirisha ili mvua isirudi ukutani. Kwa nini hawauweki chini ya kaunta za bafuni, ambako maji humwagika kila siku ya mwaka, ni jambo linalostahili kuulizwa kabla boksi halijapigwa misumari. Kwenye graniti mfereji huo hukatwa kwa grenda chini ya jiwe, na mafundi wachache hukubali kuukata kwa hofu ya kulipasua.

Pingamizi dhidi ya terazo zipo, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni asidi. Simenti na kokoto za marumaru zote huliwa na ndimu, siki na dawa ya choo, kama nilivyosema kuhusu marumaru. Siwezi kulikana hilo. Tofauti ni kwamba kovu kwenye terazo husagwa papo hapo, na fundi yule yule au mwingine, kwa msasa wa mkono na nta, bila kung'oa kitu. Marumaru nayo husagika, lakini jiwe la milimita 20 lililogundishwa na lenye bei kubwa si mtu yeyote atakayelishika. Ya pili ni nyufa. Terazo hupasuka slabu yake ikipasuka, na slabu hupasuka kwa nondo chache au kwa kukaushwa haraka. Simenti huhitaji unyevu angalau siku 7 na hufikia nguvu inayohesabiwa kamili siku ya 28, na baridi ya Julai huirefusha safari hiyo. Ni heri kumwaga Januari au Februari, kwa magunia yaliyoloweshwa, kuliko kukimbizana na ukungu kwa sababu mwenye nyumba anahamia wikendi.

Ya tatu ni uzito, na hii ndiyo inayoweka mpaka wa hoja yangu. Slabu ya sentimita 5 kwa vipimo vile vile vya 120 kwa 55 ina karibu kilo 80 kabla ya tundu. Ukuta wa mawe ya kuchonga huubeba bila kuhisi. Lakini Othaya, Mukurweini na vijiji vingi vya Nyeri vina nyumba za mbao, imara na zenye joto, zilizosimama juu ya msingi wa mawe. Kuta zake hazikujengwa kwa mzigo huo, na sakafu yake ikiwa ya mbao pia, kaunta ya zege haina pa kushika. Huko kipande cha graniti kilichosalia, juu ya fremu ya chuma yenye miguu yake yenyewe, ni uamuzi bora. Na pale bafu ni dogo la mita 1.2 kwa 2.4, choo na shawa vikiwa ndani, uamuzi bora ni kutoweka kaunta kabisa. Sinki la ukutani au la mguu mmoja, na rafu ndogo juu yake, huacha sakafu wazi na ikauke. Wenye nyumba za kupanga wanaliweka kwa sababu ya bei, lakini hata kama bei zingelingana lingebaki kuwa sahihi.

Pingamizi la mwisho ni heshima ya nyumba. Anayejenga nyumbani kwao akiwa Nairobi au ng'ambo anataka wageni waone graniti, na wakala wa mauzo atamwambia graniti huongeza thamani. Sina ugomvi na mtu kupenda jiwe. Lakini mnunuzi wa nyumba hufungua kabati lililo chini ya sinki, na harufu ya ukungu humwambia zaidi ya mng'ao wa juu. Terazo ya leo pia inaweza kuwa ya rangi yoyote: kokoto nyeusi kwenye simenti nyeupe, au nyekundu na njano kwenye kijivu. Ule ubutu wa korido za shule ulikuwa uchaguzi wa bajeti za serikali, wala si maumbile ya kazi yenyewe.

Kigumu zaidi ni mafundi. Wanaojua kusaga terazo vizuri wengi ni watu wazima, na vijana wamekimbilia vigae kwa kuwa vigae humalizwa kwa siku moja. Vyuo kama Nyeri National Polytechnic na Mathenge kule Othaya vinafundisha ujenzi, na mwalimu akiwapa wanafunzi kazi ya kumwaga kaunta moja moja, sinki na mfereji wa matone vikiwamo, soko lipo linawangoja. Kwa sasa mwenye nyumba aombe kuona kazi iliyokwisha kutumika miaka kadhaa, apapase upande wa chini kwa vidole kutafuta unyevu, kisha aandike makubaliano yanayotaja unene wa slabu, nondo, upana wa ukanda wa mbele ya sinki, mfereji wa chini ya ukingo na siku za kumwagilia. Na malipo ya mwisho yatolewe baada ya ndoo ya maji kumwagwa juu ya kaunta, nusu saa ikapita, na chini yake pakaguswa pakiwa pakavu.